Mensa ni meza: majibu ya maswali yenu ya Kilatini

Wiki ilopita niliwapa sentensi moja tu ya Kilatini, lugha ya Waroma wa kale, Mensa in culina est, yaani meza iko jikoni, nikawaomba kila mtu aitamke akiwa jikoni kwake mwenyewe huku ameishika ile meza. Maswali yamekuja mengi, nimechukua haya nane na nayajibu moja moja.

Hili neno mensa mbona lafanana hivo na meza yetu? Ni bahati tu ama kuna undugu? (Msomaji wa Muyeye)

Undugu upo, tena wa damu. Wareno walifika hapa Malindi mwaka 1498 na Vasco da Gama, ule mnara wake mweupe pale kwenye mwamba wa bahari sote twaujua, na katika miaka ile ya kwenda na kurudi walituachia maneno mengi ambayo leo hakuna anayeyahesabu kuwa ya kigeni, kama bendera, leso, kasha. Meza ni mojawapo. Kwa Kireno ni mesa, na Kireno ni mtoto wa Kilatini, na Kilatini chasema mensa.

Sasa ile N ilienda wapi? Wareno hawakuitupa wao, ilishapotea kitambo sana midomoni mwa Waroma wenyewe, manake kwenye maongezi ya kila siku walikuwa wakiimeza ile N kabla ya S. Kuna orodha ya kale ya masahihisho iitwayo Appendix Probi, mtu kakaa akaandika makosa ya watu, sema hivi usiseme vile, na humo ndani limo hili letu: mensa, sio mesa. Mimi hiyo hunigusa sana, kwa sababu lile kosa alolikataza ndilo lililovuka bahari likafika kwetu, na leo ukimwambia mtoto panguza meza wasema neno ambalo mwalimu yule angelikosoa.

Mwanangu yuko seminari, anakariri mensa mensa mensam mensae mensae mensa kama wimbo, lakini nikimuuliza sentensi moja anakwama. Nimsaidieje nami sijui Kilatini? (Mama, Maweni)

Mamangu, mtoto hana tatizo, ule wimbo peke yake ndio haumpi kitu cha kushika. Ni kama kumfundisha mgeni Kiswahili kwa kumkaririsha i-zi-ya-za bila kumwonyesha hata kikombe kimoja. Akija likizo mkalishe kwenye meza yenu ya chakula, aseme anachokiona na anachokifanya, wewe husikiliza tu mwisho wa neno wabadilika vipi.

Mensa magna est. Meza ni kubwa. Hapa meza ndiyo inayosemwa habari zake, basi inabaki mensa.

Mensam lavo. Naosha meza. Sasa meza inatendwa, na hapo ndipo M inapoingia. Mensam video, naiona meza. Puer mensam portat, mvulana anabeba meza. Mwache atengeneze kama kumi hivi za mensam, na kila moja aitende kwa mikono, asiihame hii mpaka ile M ije yenyewe bila kufikiri.

Pes mensae fractus est. Mguu wa meza umevunjika. Ile -ae ndiyo "ya" ama "wa" yetu, imegandishwa mkiani badala ya kusimama peke yake.

Faber mensae pedem novum dat. Fundi anaipa meza mguu mpya. Umbo ni lile lile mensae lakini kazi ni nyengine, meza inapewa.

Panis in mensa est. Mkate uko mezani. Hii mensa ya mwisho, A yake huvutwa kidogo, mensaa, na vitabu vingine huiwekea kistari juu ili isichanganywe na ile ya kwanza.

Ile ya pili kwenye wimbo wake ni ya kuita, ewe meza! Inasemekana kuna watoto hushangaa, nani anaiita meza, na Winston Churchill, yule waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, alisimulia kwamba aliliuliza swali hilo hilo alipokuwa mdogo shuleni, mwalimu hakufurahi. Aiwache tu ipite, umbo lake ni sawa na la kwanza na hatapungukiwa na kitu. Kwa siku afanye sentensi tano basi, lakini awe anaigusa meza.

Kiswahili hakibadilishi mwisho wa neno, ndio maana mimi haya mambo ya mkia yananishinda. (Barani)

Hakibadilishi? Na mezani je? Umechukua meza ukaongeza mkia, ukapata mahali. Nyumbani, sokoni, baharini, wewe wabadilisha mikia tangu hujaenda shule ndugu yangu, kwa hivo in mensa ndiyo mezani yako na kazi ile umeshaizoea.

Ila kuna kitu Kilatini hukitenganisha ambacho sisi twakiweka pamoja. Paka amekaa mezani, paka karukia mezani, sisi yote mezani, kitenzi ndicho kinachotwambia kama yuko pale ama ndio anafika. Mlatini atasema Feles in mensa sedet, paka amekaa mezani, lakini akiruka ni Feles in mensam salit, ile M inarudi kwa sababu kuna mwendo wa kwenda juu ya meza. Akishafukuzwa akaenda kulala uvunguni, Feles sub mensa dormit. Kwa mji wenye paka na samaki kama wetu, hizi tatu utazitumia kabla ya saa nne asubuhi.

Mimi nafanya kazi ufuoni na Kiitaliano nakiongea kila siku. Waitaliano meza wanaita tavolo, sijawahi kusikia mensa. Kwani si Kilatini ni babu yao? (Kijana, Shela)

Babu yao kweli, ila mjukuu hakurithi kila chombo kwa kazi yake ya zamani. Tavolo na tavola zimetoka kwa neno lengine la Kilatini, tabula, yaani ubao, na Wafaransa nao wakashika hilo hilo la ubao. Wareno na Wahispania ndio walobaki na mensa, wote wasema mesa. Na kwa Waitaliano mensa haikufa kaka, muulize mgeni wako alikula wapi alipokuwa chuo kikuu, atakwambia mensa, yaani pale mahali wanafunzi ama wafanyakazi wanapokula pamoja. Kwa hivo meza imekua ikawa ukumbi mzima. Wewe una mtaji mkubwa kuliko wengi wetu, acqua yako ni aqua, pane yako ni panis, pesce yako ni piscis, anza na hayo.

Mensae naiona kila mahali, mara "ya meza", mara "meza nyingi". Nitajuaje? (Ngala)

Tazama kitenzi. Mensa magna est, moja. Mensae magnae sunt, nyingi, ile sunt ndiyo inayokwambia. Na kama kuna kitu chengine kando yake kinachotafuta mwenyewe, kama pes hapo juu, basi ni "ya meza". Sisi pia meza moja meza kumi neno ni lile lile, twajua kwa hii na hizi, na hatujawahi kupotea. Ukinunua mbili sema Duas mensas emo. Halafu jihadhari na mensis, ukiikuta peke yake yaweza kuwa ni mwezi, ule wa kalenda, hauna uhusiano na meza.

Eti mensa ni ya kike? Meza ina jinsia gani tena? (Majengo)

Haina, ni ngeli tu. Sisi twasema meza hii, kiti hiki, mlango huu, na hakuna anayeuliza kiti kimefanya nini mpaka kikawekwa na kisu. Kilatini kina ngeli tatu, watu wakaziita ya kiume, ya kike na ya kati, na mensa iliangukia ya kike, ndio maana ni mensa magna, mensa rotunda. Na usidhani kila chenye A mwisho ni cha kike, baharia ni nauta, na baharia mzuri ni nauta bonus.

Inatamkwaje? (msomaji, hakusema wa wapi)

Irabu zao a e i o u soma kama zetu. C isome K, culina ni kulina. Mensae kwa matamshi ya Roma ya kale ni mensai, kanisani utasikia mense. Chagua moja ushikamane nayo.

Meza yetu inayumba tangu Ramadhani. Nataka kuisema hiyo kwa Kilatini. (Dada, Kisumu Ndogo)

Mensa nostra vacillat. Meza yetu inayumba.

Na usione haya dadangu, hiyo meza yako ina wenzake wa kale. Mshairi wa Roma Ovidius, alokufa kama mwaka 17 baada ya Kristo, asimulia habari za bikizee mmoja maskini na mumewe waliopata wageni wawili, hawajui kwamba ni miungu imejigeuza watu. Bikizee katoa meza, ina miguu mitatu na mmoja mfupi. Akatafuta kigae cha chungu akakiweka chini ya ule mguu mpaka ikatulia, kisha akaipangusa kwa majani mabichi ya nanaa, ndipo akaandaa.

Kigae kwa Kilatini ni testa. Ukishakiweka, sema Testa sub pede mensae est, kigae kiko chini ya mguu wa meza, uniletee na nyengine tano za kwako.