Samaki wa Vidimbwini

SWALI: Maji yakipwa, mimi hupita miambani nikaona visamaki vya rangi ya mchanga vimejibandika chini ndani ya vidimbwi. Ukivisogelea, vinarukia kidimbwi kingine. Je, ni watoto wa samaki gani? – Mwanafunzi wa sekondari

JIBU: Mwanangu, hao si watoto. Ni samaki waliokwisha kukua, wengi wao wa jamii ya gobi na bleni. Ukimpata gobi, mtazame tumboni: kwa aina nyingi, mapezi mawili yameungana yakawa kikombe cha kunyonya, ndicho kinachomshikiza mwambani wimbi linapopiga. Bleni wengi wakishakua hawana kibofu cha hewa, hivyo wakiacha kupiga mkia huzama.

Huko kuruka usikuone kitu kidogo. Mwaka 1951 mwanasayansi Mmarekani Lester Aronson aliandika kuhusu gobi aitwaye Bathygobius soporator. Maji yakijaa, samaki huyu huzunguka juu ya mwamba akikariri mabonde yake. Maji yakipwa, hurukia kidimbwi cha jirani bila kukiona.

Ninayempenda kuliko wote, na ambaye sichoki kumtazama, ni gobi anayeishi shimo moja na kamba. Kamba huyo haoni vizuri, lakini ni fundi wa kuchimba: kutwa nzima anasukuma mchanga nje. Kila atokapo, huweka papasi yake, ule unywele mrefu wa kichwani, mwilini mwa gobi aliyekaa mlangoni. Adui akitokea, gobi hutikisa mkia, na kamba hurudi ndani papo hapo. Hatari ikizidi, gobi naye humfuata, kichwa kikitangulia.

Wako pia wenye maisha mafupi ya kushangaza. Gobi wa matumbawe aitwaye Eviota sigillata haishi zaidi ya siku 59, na kama wiki tatu za mwanzo huzimaliza akielea bahari kuu. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa samaki wadogo wanaokaa chini kama hawa ndio karibu asilimia 60 ya nyama ya samaki inayoliwa na viumbe wengine kwenye matumbawe. Wanaliwa upesi, wanazaliwa upesi.

Nakuomba jambo moja. Ukiinua jiwe, lirudishe taratibu, upande uleule. Majike wengi hubandika mayai chini yake, na dume hubaki akiyapepea kwa mapezi. Jiwe likiachwa kichwa chini, jua litayakausha.