Insha ya video kuhusu filamu yenu ya chuo: chukua uamuzi mmoja uufukue

Mkuu, umeuliza uanzie wapi insha ya video ya dakika tano kuhusu filamu fupi mliyopiga chuoni, na mwalimu kashasema hataki vipande vya "nyuma ya kamera". Yuko sahihi. Watu wakicheka lokesheni na sahani za chipsi hawamwonyeshi mtazamaji ulikuwa unafikiri nini.

Mimi nilichukua sini moja tu. Mama na binti wanagombana jikoni kuhusu ada, nyumba ya bati, mvua ikashuka katikati ya shoti. Maiki ikabeba mvua, maneno hayasikiki. Kurudia haikuwezekana, nyumba yenyewe ya kuazima. Kwenye kuhariri tukatoa mazungumzo yote, tukabakiza mvua na mikono ya mama inayokata mchicha. Binti anafungua mdomo, kisu kinasimama. Basi insha nzima ikawa hapo: kumnyima mama sauti kulitupa nini, na kulitugharimu nini?

Gawa karatasi pande mbili, kushoto kinachoonekana, kulia kinachosikika, na ujaze kushoto kwanza. Yangu ilianza na shoti ghafi, sauti yake mbovu vilevile, nikakaa kimya. Ikafuata sini ileile kama ilivyo kwenye filamu. Nikagandisha picha kwenye kisu, ndipo nikaanza kuongea. Kufikia hapo mtazamaji ameshaona mwenyewe, msimulizi anabaki na kazi ya kueleza sababu. Sentensi yoyote inayosema "mama ana huzuni" wakati sura yake inaonekana, ifute.

Kama kuna kazi ya mtu unayotaka kujilinganisha nayo, iingie pale inapokuuliza swali. Nilimtumia Ousmane Sembène, mwongozaji wa Senegal, na filamu yake La Noire de... ya 1966, kuhusu Diouana, msichana wa Senegal anayefanya kazi za ndani kwa Wafaransa. Diouana anaigizwa na Mbissine Thérèse Diop, lakini sauti ya mawazo yake ni ya Toto Bissainthe, mzaliwa wa Haiti. Mbele ya mabosi wake Diouana hana maneno mengi, ila sisi tunamsikia moyoni. Mama yetu ni kinyume: mwili upo, sauti imekatwa, na hakuna anayemsemea. Sini ilipendeza, sikatai, ila bado sina hakika kama tulimtendea haki.

Simulizi isome kwa sauti huku unatazama saa. Kiswahili kina maneno marefu. Mimi dakika moja nafika kama maneno mia, na bado picha zinataka nafasi ya kupumua. Kwa dakika tano, mia tatu yanatosha kabisa. Rekodi ndani ya kabati lenye nguo, mwangwi unapungua.

Halafu msifute memori kadi! Kusanyeni na skripti zilizochorwachorwa kalamu, na sauti mlizotumiana kwenye grupu la WhatsApp siku ya kushuti. Zile zina ubishi wenu wa kweli, kabla hamjajua filamu itaishaje.

Taja hapa sini unayoifikiria na mlichobadilisha wakati wa kuhariri, tuone kama inabeba dakika tano.