Kizunguzungu si malaria kila mara: kwa mnaoanza zamu Bukavu

Wadogo zangu, nimepitia tena faili za usiku, na karibu kila palipoandikwa kizunguzungu pamefuatia dawa ya malaria, hata kipimo kikiwa hasi. Inaniuma, kwa sababu wengi wa wagonjwa hao walihitaji maswali mawili tu.

1. Ulizeni kinaanzaje na kinadumu kwa muda gani. Kinachomshika mtu anapojigeuza kitandani au anapoinua uso kuanika nguo, kikaisha kabla ya dakika moja, mara nyingi hutokana na chembe za kalsiamu zilizobanduka na kuingia katika mfereji wa nyuma wa sikio la ndani. Kinachodumu kwa saa kadhaa, sikio likivuma na usikivu ukipungua, kinaelekea ugonjwa wa Ménière.

2. Kwa kile cha muda mfupi, fanyeni kipimo cha Dix-Hallpike, yaani kumlaza mgonjwa chali kwa haraka, kichwa kikiwa kimegeuzwa digrii 45, na mtazame macho. Yakichezacheza, endeleeni papo hapo na Epley, yaani kukigeuza kichwa kwa hatua ili chembe hizo zitoke katika mfereji.

3. Jentamisini, antibiotiki ya sindano. Hapa nawaomba mtulie. Yupo mama mmoja wa Kadutu, muuza samaki, aliyechomwa sindano hizo kwa majuma mahali fulani, huku figo zake zikiwa dhaifu na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, haijapimwa. Kwa kuwa alisikia vizuri, hakuna aliyeshtuka, ingawa dawa hiyo huharibu mizani ya sikio kuliko usikivu. Alitueleza kwamba akitembea sokoni nyuso za watu zinarukaruka, hata hamtambui jirani yake mpaka asimame, na kwamba umeme ukikatika usiku hafiki chooni bila kushikwa mkono, kwani macho ndiyo pekee yaliyobaki kumwonyesha alivyosimama. Nilimwomba akazie macho pua yangu, nikakigeuza kichwa chake ghafla: macho yalikwenda na kichwa, kisha yakarukia puani, kulia na kushoto vilevile. Mizani ya sikio iliyopotea namna hiyo kwa kawaida hairudi. Tulimfundisha kukazia macho kitu kimoja huku akitikisa kichwa, na leo anauza tena, ila giza likikaribia huondoka sokoni. Kwa hiyo kila asubuhi ya jentamisini, mtembezeni mgonjwa anayeweza kusimama na mumuulize kama dunia inatikisika.

4. Asiyeweza kusimama kabisa, anayeona viwili au anayesema kwa shida, msimgeuze kichwa. Mwiteni mkubwa wa zamu upesi, kwa maana huenda ni kiharusi.

5. Dawa za kutuliza kizunguzungu zisipite siku chache, kwani huchelewesha ubongo kuzoea.