Ukitaka kusoma X-Men za zamani anzia 1975, na usiruke maongezi

Watu wananiuliza sana waanzie wapi na X-Men za zamani, yaani zile komiksi (hadithi za picha) za timu ya mashujaa wenye nguvu za ajabu, maana wengi wameona muvi tu, alafu wakifungua lile toleo la kwanza la 1963 la Stan Lee na Jack Kirby wanachoka mapema. Mi nawaambia anzeni 1975. Zile za mwanzo zina heshima yake ila hazikuuza vizuri, ikafika mahali Marvel, wachapishaji wake, wakawa wanarudia tu kuchapa stori za nyuma, mpaka mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walipokuja na Giant-Size X-Men namba 1, timu mpya, Mjerumani, Mkanada, Mrusi, na Storm ambae Profesa Xavier, mkuu wa timu, anamfuata hukuhuku Kenya! Acha tu, mtoto wa Afrika Mashariki ukiona ile kurasa huwezi kuiachia.

Baada ya hapo Chris Claremont akashika uandishi akakaa mpaka 1991, na hapa ndo ushauri wangu wenyewe ulipo: usiruke kurasa za maongezi. Najua unataka kufika kwa Wolverine, yule Mkanada, anapotoa kucha, lakini utamu wa hii timu uko pale wanapokula, wanapogombana, wanapoogopa. Soma namba 102 taratibu. Wapo chini ya kasri la ukoo wa Banshee, mwenzao kwenye timu, huko Ireland, adui yao Juggernaut anawachakaza, na Storm, huyu anaeamrisha radi na mvua, anaganda kabisa kwasababu kuta zinambana, ndo tunaambiwa kwamba alivyokuwa mdogo nyumba yao ilibomoka Cairo akafukiwa kwenye kifusi pembeni ya maiti ya mama yake. Nimeisoma mara nyingi na bado inaniumiza.

Kwahiyo msirukie Dark Phoenix, ile stori ya Jean Grey wa X-Men anapozidiwa na nguvu zake, moja kwa moja, hata kama kila mtu anaisifia (na ni kweli inastahili). Jean anameza nyota, sayari yenye watu bilioni 5 inateketea, alafu kwenye namba 137 ya 1980 wenzake wanapewa usiku mmoja wa kufikiria kama watampigania au la, kila mtu kivyake na mawazo yake. Kama hujaishi nao tangu mwanzo hizo kurasa utazipita tu.

Matoleo orijino ni hela nyingi, msihangaike nayo. Tafuteni Essential X-Men ya kwanza, kitabu kinachokusanya matoleo mengi pamoja, ni nyeusi na nyeupe, karatasi ya kawaida, ila ina Giant-Size na namba 94 mpaka 119, na mchoraji John Byrne anavyoingia namba 108, bila rangi unaona kila mstari wa wino wa Terry Austin, mi naona hata ni bora hivo.

Alafu endelea na matoleo yanayofuata mpaka namba 143, Kitty Pryde peke yake nyumbani mkesha wa Krismasi na lile dubwana linamuwinda. Ndo toleo la mwisho la Byrne, isome usiku.