Bakuli la mjomba na ile asilimia 95

Mwaka wa kwanza chuoni nilipata sapu ya takwimu, yaani nilitakiwa kurudia mtihani. Hesabu nilizipatia zote, kilichoniangusha ni maelezo. Swali lilitaka tueleze maana ya jibu, nami nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba kuna uwezekano wa asilimia 95 wastani wa kweli uko kati ya namba hizi mbili. Nikarudishiwa karatasi ina mstari mwekundu juu ya sentensi hiyo, bila neno la kunieleza kosa liko wapi. Kama nawe umewahi kuuona mstari huo, haya ni yako.

Nilirudi nyumbani Newala korosho za mwanzo zikiwa zimeanza kuanguka. Darasani vitu hivi tulivitaja kwa Kiingereza tu, na mimi naona hapo ndipo tunapopotelea: unakariri jina, unadhani umeelewa kitu. Hapa nitasema "masafa ya uhakika" (confidence interval), au masafa tu, kwa zile namba mbili, ya chini na ya juu, na "nadharia tete" (hypothesis) kwa dai tunalolipima.

Dai lilitoka kwa mjomba. Ana bakuli la plastiki la tangu enzi za kangomba, ule ununuzi wa korosho wa vipimo visivyo rasmi, nje ya ghala na nje ya mnada. Siku hizi linakaa stoo, ila ukiligusa tu anakuapia. "Mpwa wangu, hili ni kilo. Halizidi, halipungui."

Nikaazima mzani wa kidijitali. Mara ya kwanza nilifanya kosa ambalo hakuna fomula ya kulitibu: nilimwachia mjomba achote mwenyewe. Kila bakuli akalisawazisha kwa kiganja, taratibu, jicho kwenye mzani. Wakati kila mtu Newala anajua bakuli la mnunuzi huwa na kichuguu juu, ndugu yake lumbesa. Vipimo vile nikavitupa vyote. Siku ya pili nikamwomba binti wa jirani, ambaye hajui tunagombania nini, achote kama alivyozoea kuona wanunuzi wakichota. Mabakuli tisa, kwa gramu: 1030, 985, 1065, 1010, 1090, 1045, 970, 1055, 1020.

Wastani ni 1030. Mjomba akacheka: "Si umeona? Kuna la 970 humo!" Na ana hoja. Vipimo vyenyewe vinapishana, basi huenda hizo gramu 30 ni bahati ya siku tu. Swali zima la somo hili ndilo hilo.

Mchepuko sanifu wa namba hizo, yaani kiasi cha kawaida ambacho bakuli mojamoja hupishana na wastani, ni kama 38.4. Ugawanye kwa kipeuo cha pili cha 9, yaani 3, unapata 12.8. Hicho ndicho kiasi cha kawaida ambacho wastani wa mabakuli tisa huyumba kutoka kwenye wastani wa kweli. Gramu 30 zilizozidi ni mara 2.34 ya hapo. Kwa vipimo tisa jedwali la t, lile linaloonyesha bahati peke yake inaweza kufika wapi, linaweka mpaka wa asilimia 5 kwenye 2.306; ukiuvuka, dai linakataliwa. (Jedwali hilo tunadaiwa na William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyeichapisha kazi yake mwaka 1908 kwa jina la "Student". Shida yake ilikuwa kama yangu, sampuli ndogo.) Nimeuvuka mpaka, kwa unywele. Thamani ya p ni kama 0.047.

Hapa ndipo wengi huteleza. 0.047 haisemi kwamba uwezekano wa mjomba kuwa mkweli ni asilimia 4.7. Inasema hivi: tuseme bakuli kweli ni kilo kwa wastani, basi tofauti kubwa kama hii au kuizidi, ya kuzidi au ya kupungua, ningeikuta kama mara 5 katika kila majaribio 100. Unaanza kwa kumwamini mjomba, halafu unauliza kama ulichokiona kinashangaza.

Sasa masafa. Chukua 2.306 mara 12.8, unapata 29.5. Toa na jumlisha kwenye 1030: kuanzia 1000.5 hadi 1059.5. Kilo kamili imebaki nje kwa nusu gramu. Na si kwa bahati, maana kipimo cha asilimia 5 na masafa ya asilimia 95 ni hesabu moja iliyotazamwa pande mbili. Ningetaka uhakika wa asilimia 99, masafa yangepanuka yawe 987 hadi 1073, na mjomba angeshinda. Kwa hiyo chagua mpaka wako kabla ya kupima. Ile 0.05 haikushuka kutoka mbinguni; Ronald Fisher aliipendekeza mwaka 1925 kwa sababu ilimfaa.

Kuhusu sentensi yangu ya sapu, niliielewa kwa ndoo. Niliandika vipimo 60 kwenye vikaratasi, nikakokotoa wastani wake wote, kwa hiyo jibu la kweli nilikuwa nalo mfukoni. Nikavichanganya ndani ya ndoo, nikatoa tisa, nikapiga masafa, nikavirudisha. Mara ishirini. Mbili zilikosa kabisa, jibu la kweli likiwa nje. Kesho yake nikarudia mara ishirini nyingine, zote zikalipata. Jibu la mfukoni halikusogea hata siku moja. Yaliyokuwa yanahamahama ni masafa. Asilimia 95 ni sifa ya njia ninayoitumia, kwamba nikiirudia mara nyingi itanasa jibu karibu mara 95 katika 100. Masafa fulani yakishaandikwa, jibu ama limo ama halimo. Nilichopaswa kuandika ni kwamba nimetumia njia inayonasa wastani wa kweli mara 95 katika 100, na safari hii imenipa namba hizi.

Kuna mtego mwingine. Ningeishia kwenye mabakuli manne ya kwanza, wastani ungekuwa 1022.5 na masafa 969 hadi 1076. Kilo imo ndani, kwa hiyo nadharia tete haikataliwi. Mjomba angeshangilia kwamba imethibitika. Haijathibitika chochote! Hata 1050 imo humohumo. Kushindwa kumkamata mtu na kumsafisha ni mambo mawili.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniletea p peke yake namwomba na masafa. Nilimwonyesha mjomba: gunia la kilo 80, ukilijaza kwa mabakuli 80 ya gramu 1030, lina kilo 82.4. Mkulima amepoteza kilo 2.4. Lakini kwa masafa yangu, hasara hiyo inaweza kuwa gramu 40 tu, au ikakaribia kilo 5 kila gunia. P haikuambii hilo.

"Kilo tano?" Mjomba alikaa kimya, akaligeuza bakuli, akalitazama kitako. "Huo mtego wako mpana mno. Upunguze."

Nikamweleza kwamba kuyakata masafa katikati kunahitaji sampuli mara nne, kwa sababu ya kile kipeuo. Tisa mara nne ni mabakuli thelathini na sita.

Akatazama jua, akatazama gunia. "Thelathini na sita chota wewe," akasema. "Mimi nakwenda kuokota korosho."