Ukiitwa kwenye mkutano wa utafiti wa mifupa ya watoto, nenda na maswali ya njiani

Mwanangu alizaliwa Sake, mji mdogo karibu na Goma, miguu yote miwili imepinda ndani, nyayo zinatazamana. Mama mkwe akasema nilikanyaga kitu nikiwa mjamzito. Sikukanyaga kitu. Mguu kifundo, ndivyo unavyoitwa mguu uliopinda hivyo, humpata karibu mtoto mmoja katika kila 1,000, na kwa wengi chanzo chake hakijulikani. Hilo nililijua baadaye, machozi yameshakwisha.

Mwaka jana niliitwa mkutanoni hapa Goma, wazazi na madaktari chumba kimoja, tuseme ni mambo gani ya upasuaji wa mifupa ya watoto yatafitiwe kwanza. Tangu siku hiyo mama wenzangu wananiuliza: nami nikiitwa, niseme nini?

Kwanza, usiogope makaratasi. Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Uingereza kuna kundi lilianza 2004, linaitwa James Lind Alliance, kwa jina la daktari wa melini ambaye mwaka 1747 aligawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili, kila jozi na dawa yake, akaona waliopewa machungwa na malimau ndio wanainuka. Kundi hilo hukusanya maswali ya wagonjwa, wazazi na waganga, huondoa yaliyokwisha kujibiwa, kisha watu wote hukaa na kuyapanga mpaka yabaki 10. Mifupa ya watoto nayo walishaifanyia hivyo.

Njia hiyo tuiazime. Orodha yao tuwaachie. Ulaya wanahangaika sana na nyonga za watoto wachanga. Huku mtoto anakaa mgongoni mchana kutwa, miguu imepanuliwa kiunoni mwa mama, na nyonga kuchomoka ni jambo la nadra. Ukinakili orodha ya watu, utatafiti ugonjwa wa watu.

Basi wewe beba nini? Beba kile kilichokukwamisha. Mimi kilikuwa barabara. Matibabu ya Ponseti, ya kunyoosha mguu kidogo kidogo kwa plasta, yanataka plasta ibadilishwe kila wiki, wiki tano, sita, hata saba, ndipo wakate kidogo kano ya kisigino. Kila Jumapili usiku nilimtia mtoto miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nikafungua plasta utepe kwa utepe. Maji yanakuwa meupe kama ya kuoshea muhogo, ngozi inanuka kitambaa kilichosahaulika kwenye ndoo. Asubuhi kilomita kama 25 hadi Goma. Kisha mapigano yakafunga barabara, wiki mbili hatukupita. Tulipofika plasta iliyobaki ilikuwa imeteleza, vidole havionekani, tukarudi nyuma karibu mwanzo.

Mkutanoni nikauliza hivi: hizi plasta haziwezi kwenda haraka, nikae kwa dada yangu mtaa wa Ndosho, hapa Goma, siku chache tumalize? Kine mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akajibu taratibu kwamba Malawi walishalipima, matokeo yakachapishwa 2011: waliobadilishiwa plasta mara tatu kwa wiki miguu ilinyooka sawasawa na wa mara moja.

Mama, nilinyamaza. Jibu lilikuwepo mwanangu hajazaliwa, na hakuna aliyeniambia.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni daftari lenye kurasa mbili. Ukurasa mmoja maswali ambayo hakuna anayejua jibu lake. Wa pili maswali yenye jibu ambalo halijafika kwenu. Hapohapo mkutanoni dai kuambiwa swali lako liko ukurasa gani, na hilo la pili waulize ni nani atalileta mtaani, lini, na kwa Kiswahili. Tena sema mapema, kabla madaktari hawajaanza kuongea wenyewe kwa wenyewe. Wakishaanza, huwapati tena.

Na usione haya swali dogo. Langu la pili lilikuwa viatu, vile viwili vilivyounganishwa na chuma, mtoto anavyovaa plasta zikiisha ili miguu isirudi kupinda. Miezi mitatu ya kwanza saa 23 kwa siku, halafu usiku tu mpaka mtoto ana miaka minne hivi. Miguu hurudi kupinda zaidi pale viatu vinapoachwa, kila daktari anakwambia. Lakini vinaachwa kwa nini? Wangu alikuwa anapiga kile chuma ukutani usiku kucha, jirani anagonga. Soli zikaliwa na mawe ya volkeno alipovitembelea uani. Kuna mama alivificha kila baba wa mtoto akiwa nyumbani. Nani ametuuliza sisi wa Goma kuhusu hayo?

Kura tulipiga kwa maharagwe, kila mtu 10. Mama wa Rutshuru ambaye mwanawe ana usaha ndani ya mfupa alimwaga yote kwenye swali lake, hakusita. Mimi niliweka saba kwenye viatu. Matatu niliyashika mkononi mpaka yakalowa jasho, kisha nikampelekea yeye.