Mmoja hulazwa, mwingine anacheza

SWALI: Shikamoo Bi Nesi. Nina watoto wawili wenye selimundu (sikoseli), baba mmoja mama mmoja. Mkubwa, miaka tisa, yuko Mikindani kwa bibi yake na haugui sana. Mdogo, miaka sita, ninaye hapa Newala; tangu baridi ianze hatutoki wodini. Mawifi wanasema simtunzi. Nimpeleke naye pwani?
Mama Wawili, Newala

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao mawifi waje kwanza wakusaidie kuteka maji.

Ugonjwa waliurithi kwenu nyote wawili, wewe na mumeo. Wanachotofautiana ni urithi mwingine. Mtoto akiwa tumboni ana hemoglobini ya kichanga (hemoglobini ndiyo ibebayo hewa kwenye damu), inayozuia chembe nyekundu za damu zisijikunje kama mundu na kuziba mishipa. Akizaliwa, hemoglobini hiyo hupungua, ndiyo maana maumivu huanza anapokaribia miezi sita au baadaye. Wachache hubaki nayo kwa wingi, nao huugua kidogo. Pengine mkubwa wako ni mmoja wao. Dawa ya haidroksiyurea huiongeza. Utafiti wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha watoto walioimeza walipungukiwa na maumivu, malaria na hata vifo. Muulize daktari, maana humezwa kila siku na damu hupimwa mara kwa mara.

Lakini Newala nayo ina lake. Juni na Julai huko juu asubuhi ni baridi na upepo, na baridi hubana mishipa. Maji ni ya kununua, kwa hiyo mtoto anapimiwa kikombe. Huyu hapimiwi! Figo zake haziwezi kubana maji, anapoteza maji mengi, na chembe zikikaukiwa zinajikunja upesi. Akikojoa kitandani usimchape, wala usimnyime maji jioni. Mvalishe sweta na soksi kabla hajatoka kitandani.

Pwani kuna joto, sawa, ila na mbu wapo. Wanaosema selimundu ni kinga ya malaria wanachanganya: kinga hiyo ni yenu wazazi, mliorithi ugonjwa upande mmoja tu. Mtoto mgonjwa akipata malaria damu hushuka vibaya. Mikindani bila chandarua sikushauri.

Ukiamua kumpeleka, nenda na kadi yake ya kliniki, na bibi mfundishe kupapasa bandama chini ya mbavu za kushoto. Ikivimba ghafla, au mtoto akichemka, ni hospitali ya Ligula, Mtwara, siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.